Kwa nini watoto wa mbwa wanaotupwa karibu wote ni majike?

#1 Mlezi_Goba
Habari wakuu. Najitolea kwenye kituo kidogo cha mbwa na paka huku Goba, pembezoni mwa Dar. Hatuna mfadhili wa kudumu. Tuna majirani wachache, daktari wa mifugo anayekuja akipata nafasi, na muuza bucha anayetuwekea mapafu na vichwa.

Nataka mawazo yenu kwenye jambo moja. Watu wanatuachia watoto wa mbwa getini usiku, kwenye boksi, kiroba au ndoo ya rangi. Wengine tunaitwa tukawaokote dampo au mtaroni. Tukiwakagua mmoja mmoja, majike ndio wamejaa. Mbwa akizaa, madume na majike huwa hawapishani sana kwa idadi. Sasa madume wanaenda wapi? Na jike amekosa nini?

Nauliza kwa sababu kituo kimejaa na kuongeza mabanda hakusaidii. Banda jipya linajaa kabla hata ya kupakwa rangi. Nataka tujue tuzibe wapi.

#2 Mangi_Mkavu
Mkuu, hili si fumbo. Mtu anafuga mbwa kwa ajili ya ulinzi. Dume anakaa, analinda, basi. Jike akifika miezi saba minane, madume wa mtaa mzima wanahamia getini kwako, wanapigana usiku kucha, na muda si mrefu una mbwa tisa badala ya mmoja. Huku Moshi ukienda kuomba mtoto wa mbwa, swali la kwanza ni "dume yupo?" Ukiambiwa wamebaki majike, unaaga.

#3 Paka_Watatu
Mangi, hapo kwenye ulinzi sikubaliani na wewe. Nyumbani kwetu tumefuga jike miaka yote na hakuna aliyewahi kuingia uani bila sisi kujua. Dume akinusa jike aliye mtaa wa tatu anaondoka, anarudi keshokutwa na sikio limechanika. Nani analinda hapo?

Watu wanarudia waliyoyasikia kwa wazee, hawajakaa na mbwa wakamtazama.

#4 Mangi_Mkavu
Mwenye paka watatu anatufundisha mbwa. Haya, tunasikiliza 😄

#5 Paka_Watatu
Mbwa nao ninao, wawili, wote majike. Karibu uruke ukuta uwaone.

#6 DktMifugo_Moro
Naongeza kwa upande wa kazi yangu. Jike wengi huingia kwenye joto (kipindi cha kutaka dume) mara ya kwanza kati ya miezi 6 na 12, wale wenye miili mikubwa huchelewa zaidi. Baada ya hapo ni karibu mara mbili kwa mwaka, na kila joto huchukua kama wiki tatu. Mimba ni siku 63 hivi. Tena jike anaweza kupandwa na madume kadhaa kwenye joto moja, ndiyo maana unakuta uzao mmoja una mweusi, mwekundu na mwenye mabaka.

Kwa hiyo hofu aliyoieleza Mangi #2 ina msingi, na alichosema Paka_Watatu #3 kuhusu dume kuzurura ni kweli pia. Dume asiyehasiwa anazurura, anapigana, anagongwa na magari. Huenda sehemu ya jibu la "madume wanaenda wapi" ndiyo hiyo: wanachukuliwa wakiwa wadogo, halafu wanafia barabarani, kituoni hamwaoni.

Ila nimesoma mabandiko yote na hakuna aliyetaja kufunga kizazi. Mnamzungumzia jike kama vile kuzaa kwake ni mvua, ikinyesha imenyesha.

#7 KijanaWaRongai
Salamu kutoka Nairobi. Nina nadharia nyingine. Mlezi, unahesabu waliobaki. Boksi likiachwa kando ya barabara saa kumi na mbili asubuhi, wanapita watoto wa shule, watu wa bodaboda, mlinzi anayetoka kazini. Kila mmoja anainua mkia, anaangalia, anachukua dume. Ukija kuitwa saa nne, ndani mna majike watupu. Aliyetupa huenda alitupa wote sawasawa.

Kwetu Rongai nimeliona hilo wazi. Watoto wa mbwa waliachwa karibu na stendi, madume wakaisha kabla ya chai.

#8 Mlezi_Goba
#7 umenifikirisha sana. Inaweza kueleza wa dampo na wa mtaroni. Lakini wale wa getini wanaachwa usiku wa manane, hakuna anayepita, na bado ni majike. Kwa hiyo kuna mtu aliyekaa nyumbani akawachambua.

Dkt, kufunga kizazi tunakufanya kwa kila jike anayetoka kituoni kama umri unaruhusu. Tatizo ni hao mama zao waliobaki mtaani, ambao hatuwajui.

#9 Mpangaji_Tabata
Mnazungumza kama kila mtu ana ua na geti. Sisi wapangaji je? Nilikuwa na mbwa, nimehama nyumba, mwenye nyumba mpya akasema mbwa hapana. Nilizunguka kutafuta wa kumpa nikakosa. Hatimaye akachukuliwa na fundi aliyekuwa anajenga Kinyerezi. Mimi nilibahatika. Wengi hapa mjini wakihama wanafunga kitanda, sufuria na televisheni kwenye kirikuu, mbwa anabaki analinda nyumba ya mtu mwingine ambaye hamtaki. Mbwa huyo baada ya mwezi anaitwa koko.

Hii haina dume wala jike.

#10 Shamba_Kibaha
Tatizo lenu mnalea. Mbwa wanaozurura hawana wenyewe, wanakula kuku wetu, wanauma watoto. Zamani halmashauri ilikuwa inatangaza, ukifika muda wanapita na bunduki, mtaa unakuwa safi. Warudishe utaratibu huo, kituo chako hakitakuwa na kazi.

#11 DktMifugo_Moro
#10 mzee wangu, nayaheshimu maumivu ya kuliwa kuku, lakini mambo mawili uliyoyasema hayako hivyo.

La kwanza, mbwa wengi unaowaona njiani Afrika Mashariki wana wenyewe. Tafiti zilizofanywa hapa Tanzania, zikiwemo za maeneo yanayozunguka Serengeti, zimeonyesha hivyo. Mbwa ana nyumba anayolala na jina analoitwa, ila hafungwi wala halishwi vya kutosha, kwa hiyo mchana anajitafutia. Huyo si mbwa asiye na mwenyewe. Ni mbwa mwenye mwenyewe asiyewajibika.

La pili, risasi haimalizi kichaa cha mbwa. Ukiua mbwa waliochanjwa pamoja na wasiochanjwa, nafasi na chakula vinabaki, wanaingia wengine au wanazaliwa wengine, wote hawana chanjo. Kinachokata mnyororo wa ugonjwa ni kuchanja. Shirika la Afya Duniani linataka angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wawe wamechanjwa. Ukifika hapo kirusi kinakosa pa kurukia.

#12 Shamba_Kibaha
Daktari nimekusoma. Kuku wangu atalipwa na nani?

#13 Mangi_Mkavu
Na mwenye mbwa, kwa maelezo ya #11. Ndiyo maana hakuna anayejitokeza kusema mbwa ni wake 😄

#14 Mpemba_wa_Wete
Assalaam aleikum. Dkt #11 yuko sahihi na mfano upo kwetu Pemba. Mbwa walichanjwa shehia kwa shehia, na mwaka 2014 kichaa cha mbwa kikakatika kisiwani. Mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje, chanjo zikarudiwa kwa nguvu, na baada ya 2018 kikakatika mara ya pili. Wataalamu walifuatilia hadi vinasaba vya virusi wakajua kuwa ni vigeni, si vile vya mwanzo vilivyojificha.

Sisi watu wa kisiwa tumeona kwa macho. Ila tumeona pia kwamba ukilegeza kamba, boti moja inatosha kukirudisha.

#15 Mtu_wa_Kati
Mpemba, na nyinyi huko mbwa ni haramu, mlichanja wa nani? Nadhani hata hili la kutupa, sehemu kubwa ni dini. Pwani yote watu wanamwona mbwa ni najisi, akizaa uani kwako unataka aondoke leo leo.

#16 Mpemba_wa_Wete
#15 punguza kasi ndugu yangu. Kumfuga mbwa kwa ulinzi, kuwinda au kuchunga mifugo kumeruhusiwa. Surat al-Maida aya ya 4 inazungumzia kile kilichokamatwa na wanyama wa kuwindia waliofunzwa. Kwa sisi Mashafi, tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, mate yake ni najisi nzito, chombo kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Imamu Malik ana rai nyingine. Lakini najisi ni hukumu ya usafi kwa anayeswali, haikuwa ruhusa ya kumtesa. Ipo hadithi katika Bukhari na Muslim ya aliyemteremkia mbwa mwenye kiu kisimani, akamtekea maji kwa kiatu chake, akasamehewa. Na ipo ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula wala kumwacha ajitafutie.

Kwetu mbwa wapo, wa wakulima na wa walinzi. Mchana wamefungwa. Ukiona mtu anatupa vitoto mtaroni usiseme dini imemtuma.

#17 Mtu_wa_Kati
Shukrani kwa ufafanuzi, nimeelewa. Hata hivyo bado nasema mazoea ya watu yana nguvu kuliko vitabu. Mtoto akikua anaambiwa "usimguse, toka", hawezi kumjali mkubwa.

#18 BiMkubwa_Chuda
Mimi nipo Tanga, Mwislamu, na paka ninao hata sijui idadi. Hilo la mazoea #17 kuna ukweli ndani yake. Lakini mbona paka nao wanatupwa, na paka hana najisi yoyote, anakula nasi sinia moja? Sokoni asubuhi utakuta vitoto vya paka chini ya meza za samaki, macho hayajafunguka. Kama ni dini, wangetupwa mbwa peke yao.

#19 Paka_Watatu
Asante Bi Mkubwa! Na kwa vile tumefika kwenye paka, naomba niseme jambo moja ambalo lingeokoa wengi. MSIMPE PAKA PANADOL. Paka akionekana ana homa mtu anamvunjia nusu kidonge kama mtoto. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa ile, damu yake inashindwa kubeba hewa, fizi zinakuwa za bluu au kahawia, anakufa. Kidonge kimoja kinatosha kumuua.

#20 DktMifugo_Moro
Nathibitisha #19. Na dawa za kuogeshea ng'ombe na za kuua kupe wa mbwa nazo msimpake paka bila kuuliza. Zenye pamethrini hutetemesha paka hadi kufa. Kila wiki napata simu ya namna hiyo, na nyingi zinakuja baada ya paka kuanza kukakamaa.

#21 KijanaWaRongai
Tuko kwenye paka sasa? Sawa, lakini nataka kurudi kwa sheria. Kenya tunayo Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360. Kumtelekeza mnyama wako bila sababu ya maana, mahali ambapo atateseka, ni kosa. KSPCA, shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama, wamekuwepo tangu 1910 na wanapokea wanyama hadi leo, na bado maboksi yanaachwa barabarani. Kwa hivyo sheria ipo, kituo kipo, tatizo lipo. Tanzania mko vipi?

#22 Mlezi_Goba
#21 tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Nimeshaibeba nakala yake hadi serikali ya mtaa. Mwenyekiti alinisikiliza vizuri, akaniuliza: nikimkamata aliyetupa mbwa nimpeleke wapi, na nani atatoa ushahidi? Sikuwa na la kumjibu. Boksi halina jina.

#23 Mswahili_Berlin
Wadau, huku Ujerumani boksi lina jina, kwa sababu mbwa ana jina serikalini. Mbwa anawekewa kidude chini ya ngozi chenye namba, na unamlipia kodi kwa manispaa. Hapa Berlin ni euro 120 kwa mwaka kwa mbwa wa kwanza, wa pili na kuendelea euro 180 kila mmoja. Akiokotwa, wanasoma namba wanakupigia simu. Ukimtaka mbwa wa kituo unalipia, na wanakuja kuona unapoishi.

Sisemi muige. Nasema tu hapa mtu akichukua mbwa anajua ameingia mkataba wa miaka kumi na zaidi.

#24 Mpangaji_Tabata
Ukileta kodi ya mbwa Tabata, siku ya pili mbwa wote watakuwa barabarani. Mtu ambaye chanjo tu inamshinda utamdai kodi?

#25 Mangi_Mkavu
#23 hizo euro 120 kwa mwaka huku ni chakula cha mbwa wangu na changu. Lakini hilo la kuja kuona unapoishi nimelipenda. Mlezi, nyinyi mnafanya?

#26 Mlezi_Goba
Tunafanya, na tunatukanwa sana kwa hilo. Tunauliza: nyumba ni yako au umepanga, mwenye nyumba amekubali, ukisafiri nani atamlisha, mbwa uliyekuwa naye kabla yuko wapi. Hilo la mwisho ndilo linalotusaidia kuliko yote. Mtu akisema "walikufa tu wote", tunauliza walichanjwa lini, na mazungumzo yanaishia hapo.

Kuna baba alisema maswali yetu yanazidi aliyoulizwa alipokwenda kuposa. Alikubali tukatembelea kwake, na mbwa aliyemchukua kutoka kwetu amenenepa vizuri. Picha anatuma mwenyewe bila kuombwa.

#27 Mangi_Mkavu
Mahari ni kiasi gani?

#28 Mlezi_Goba
Kadi ya chanjo na mfuko wa dona 😄

#29 Shamba_Kibaha
Mnacheka lakini swali langu la kuku halijajibiwa. Naongeza jingine. Mjukuu wa jirani yangu aliumwa na mbwa mwaka jana. Bibi yake akaweka jiwe la nyoka, likaganda, likaanguka, wakasema sumu imetoka. Mtoto amepona. Sasa nyinyi mnasema sindano sindano. Jiwe halikufanya kazi?

#30 DktMifugo_Moro
Mzee, hapa naomba kila mtu asome. Mtoto alipona kwa sababu mbwa yule hakuwa na kichaa. Angekuwa nacho, jiwe lisingemsaidia. Kirusi cha kichaa cha mbwa hakikai kwenye damu ukakifyonza. Kinaingia kwenye mishipa ya fahamu na kupanda polepole hadi kwenye ubongo. Kwa wengi huchukua miezi miwili mitatu, wengine wiki chache, hasa jeraha likiwa usoni au kichwani. Ndiyo maana watu wanadhani wamepona. Dalili zikishaanza, kama kuogopa maji na kushindwa kumeza, ni kifo karibu kila mara.

Ukiumwa: osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Hilo la sabuni si dogo, linaua virusi vingi papo hapo. Usipake pilipili, usipake mafuta ya taa, usishone haraka. Kisha hospitali siku hiyo hiyo upate sindano, na umalize zote kwa tarehe ulizopangiwa. Mbwa akiwa anajulikana na yu hai, afungwe aangaliwe siku 10, asiuawe mkaanza kubahatisha.

Duniani inakadiriwa watu 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, na karibu wote waliupata kwa mbwa. Katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto chini ya miaka 15.

#31 BiMkubwa_Chuda
Mtoto wa shangazi yangu alikwenda na hilo gonjwa. Sitaki kueleza. Chanjeni mbwa wenu, kampeni za bure zinapita, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mwenye mbwa asiyekwenda simuelewi kabisa.

#32 Mpemba_wa_Wete
Pole sana Bi Mkubwa. Mungu amrehemu.

#33 Mpangaji_Tabata
Pole mama.

Naomba nirudi kwa Dkt #6 kuhusu kufunga kizazi. Nilipiga simu kliniki moja binafsi, nikatajiwa bei inayolingana na kodi yangu ya mwezi. Kwa bei hiyo mtu anaona bora atupe vitoto mara mbili kwa mwaka, haimgharimu kitu. Mimi nadhani jibu la Mlezi ni hili: jike anatupwa kwa sababu kumfunga kizazi ni ghali na kumtupa ni bure.

#34 DktMifugo_Moro
#33 bei ni kikwazo kweli, sikatai. Kumfunga jike ni kufungua tumbo, kutoa mfuko wa uzazi na vifuko vya mayai, nusukaputi, nyuzi, dawa za maumivu. Kumhasi dume ni kazi ndogo zaidi na bei yake ni nusu au chini ya hapo. Lakini jike asiyefungwa akizeeka anaweza kujaa usaha kwenye mfuko wa uzazi, na hapo utalipa upasuaji ule ule akiwa mahututi. Na akifungwa mapema, kabla ya joto la kwanza au la pili, hatari ya uvimbe wa saratani ya matiti inapungua sana.

Njia inayofanya kazi ni siku za pamoja. Mtaa unachanga, daktari anakuja na vifaa vyake, wanafungwa wengi kwa siku moja, gharama ya kila mmoja inashuka.

#35 Mangi_Mkavu
Ukimhasi dume anakuwa mpole, ulinzi umekwisha. Huku kwetu hakuna atakayekubali.

#36 DktMifugo_Moro
Anaacha kuzurura na kupigania majike. Kubweka na kulinda eneo lake vinabaki. Na atanenepa kidogo, mpunguzie ugali.

#37 Mangi_Mkavu
Daktari, wewe niletee mmoja aliyehasiwa nimwone anavyobweka. Kwa sasa msimamo wangu uko pale pale.

#38 Mlamu_Shela
Nimechelewa kufika. Kwetu Lamu hata hatugombani juu ya mbwa, mambo yetu ni paka na punda. Paka wanakamatwa kwa mtego, wanafungwa kizazi, wanarudishwa pale pale walipotoka, kwa sababu ukimwondoa paka gatini atakuja mwingine. Punda wana hospitali yao mjini tangu 1987, matibabu bure. Na bado utamwona punda ana kidonda mgongoni, kamba imemla, na mwenyewe amempakia mawe ya matumbawe. Kwa hivyo huduma ikiwa bure pia haitoshi, #33. Kuna moyo wa mtu hapo.

#39 KijanaWaRongai
#38 punda wa Lamu afadhali wana mtetezi. Huku bara waliibwa wakachinjwa kwa ajili ya ngozi mpaka watu wakakosa wa kubeba maji. Nashukuru Umoja wa Afrika ulikubaliana Februari 2024 kuzuia biashara hiyo bara zima.

#40 Paka_Watatu
Tumetoka kwa mbwa, tumepita paka, sasa punda. Kesho ng'ombe. 

Mlamu, mimi nadhani umegusa kitu. Nimewauliza wanawake wawili mtaani kwangu kwa nini walitupa. Mmoja alisema mume wake ndiye aliyeamua na yeye aliambiwa tu akatupe. Wa pili alisema aliwapeleka sokoni makusudi, kwa sababu pale kuna vichwa vya samaki na aliona ni huruma kuliko kuwaacha wafe njaa nyumbani. Huyu wa pili hakuwa mkatili. Aliona ndiyo njia aliyokuwa nayo.

#41 Mtu_wa_Kati
Hiyo ya sokoni inaelezea pia paka wa Bi Mkubwa #18. Watu hawatupi, wanahamishia penye chakula.

#42 BiMkubwa_Chuda
Kitoto ambacho hakijafungua macho kitakula kichwa cha samaki vipi? Hapana mwanangu. Hapo mtu anajidanganya alale usingizi.

#43 Mlezi_Goba
Nakubaliana na Bi Mkubwa, na bado namwelewa mama wa #40. Watu kama yeye ndio wanaotuachia getini.

Kuna jambo sikulisema mwanzoni. Watoto wa mbwa wasionyonya vya kutosha wakija kituoni wengi hatuwaokoi. Pavo, ugonjwa wa virusi wa mbwa, ikiingia, wanahara damu, wanakwisha mmoja baada ya mwingine, na kirusi chake kinabaki kwenye udongo miezi mingi hata baada ya kufagia. Tunamwaga jiki sakafuni, lakini udongo wa uani hauoshwi kwa jiki. Anayewaleta anadhani amewaokoa. Ni bora angebaki nao na mama yao wiki nane, atupigie simu tumletee chakula cha mama na chanjo. Tungetumia pesa kidogo na wangepona wengi zaidi. Simu tunapokea saa zote, hatuulizi jina.

#44 Shamba_Kibaha
Hapo kwenye kupiga simu nimekuelewa. Mimi nina jike kazaa chini ya banda la kuku, si wangu, ila kazaa kwangu. Watoto sita. Nilikuwa na mpango mwingine, nikasoma huu uzi. Chakula mtaleta mpaka Kibaha?

#45 Mlezi_Goba
Tunaleta mzee. Nimekutumia ujumbe faragha. Usiwaguse kwa sasa, mwekee mama maji na ugali wenye dagaa.

#46 Mangi_Mkavu
Mzee wa bunduki leo analea 😄 Madume wangapi?

#47 Shamba_Kibaha
Sijakagua, mama yao ananionyesha meno. Daktari, huyu jike anaweza kufungwa kizazi sasa hivi wakati ananyonyesha? Sitaki azae tena hapa.

#48 DktMifugo_Moro
Subiri mzee. Watoto waachishwe wakiwa na wiki sita mpaka nane, halafu mpe kama wiki mbili tatu maziwa yakauke, ndipo apasuliwe. Siku ya upasuaji asile tangu usiku. Kwa kipindi hicho chote mzuie asipandwe, maana wengine huwahi kurudi kwenye joto. Na huyo aliyekuonyesha meno achanjwe kichaa mara atakapokubali kushikwa, watoto wake wakifika miezi mitatu nao wachanjwe.

#49 Shamba_Kibaha
Sawa. Nitamzuia kwa nini, sina banda la mbwa.

#50 Mpangaji_Tabata
Mzee, yule fundi wa Kinyerezi aliyechukua mbwa wangu anatengeneza mabanda kwa mabaki ya mbao. Nakutumia namba yake faragha, mwambie ni banda la jike na watoto sita aache nafasi.